Gazeti Lenye Matundu

Kinyozi wa mtaani kwetu hampokei mteja mpaka amalize kusoma magazeti ya siku, miwani puani, mkasi mkononi. Makala nzuri ya uongozi au sayansi huibandika ukutani. Isiyo na kichwa wala miguu huikata na kuifagia pamoja na nywele. Juzi mteja mmoja, aliyekwisha kunyolewa nusu kichwa, akaliona gazeti lenye tundu.

"Mbona umekata makala niliyoandika? Hayo majani ya kuponya kisukari, watu wameyapenda sana!"

Kinyozi akazima mashine.

"Hata dada yangu aliyapenda. Akaacha sindano zake. Leo ana mguu mmoja." Akamvua shuka. "Inuka, kaka. Kamalizie kunyolewa kwa hao wanaokupenda."