Mke wangu aliacha vidonge vya kifafa kwa kuogopa kupimwa mkojo welfare, Toronto

Wakuu, salaam.

Nimesoma ule uzi wa jana unaotaka wanaopokea posho ya serikali wapimwe madawa ya kulevya, na atakayekutwa nayo akatwe. Nimeusoma mpaka comment ya mwisho. Wengi mmeunga mkono kwa nguvu zote, hadi kuna mmoja kasema wapimwe na nywele.

Sitaki kubishana na mtu. Nataka niwasimulie yaliyotupata hapa Toronto, na sina haja ya kutia chumvi.

Tunaishi Scarborough, kwenye jengo la kupanga, mimi, mke wangu Rehema na binti yetu Tumaini. Rehema alikuwa anafanya kazi warehouse moja huko Brampton, unaunga basi kwa basi mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Mimi nilikuwa na kibarua cha usafi. Warehouse ikapunguza watu, mgongo wangu nao ukagoma, tukaangukia welfare, ile posho ya serikali.

Sasa msicheke. Rehema huyu huyu, alipokuwa na kazi, ndiye alikuwa bingwa wa "wapimwe hao!" Kwenye ngazi za jengo letu kuna vijana wanajidunga sindano, na kila akipita na mtoto alikuwa anamshika mkono mpaka mtoto analia. Alikuwa anasema kodi yake ndiyo inanunua zile sindano. Nilimwelewa. Hata leo zile ngazi naziogopa.

Kuna jambo hatukuwahi kumwambia mtu yeyote hapa mjini. Rehema ana kifafa.

Kwao ni Mahenge. Ugonjwa huu wanaujua vizuri, na wanaujua pamoja na maneno yake. Kwamba mtu akianguka usimguse, mate yake yakikupata na wewe umeupata. Utotoni alianguka kwenye moto wa jikoni, mkono wa kushoto una kovu mpaka kwenye kiwiko. Watu wa kanisani tuliwaambia aliungua na uji. Huku alipewa vidonge, akawa anameza kila siku, na kwa miaka hakuanguka hata mara moja. Tukajua siri imeshazikwa.

Ndipo ikaja voice note kwenye grupu letu la Watanzania wa kanisani. Aliyeituma ni Mama Kelvin. Huyu mama ukifiwa yeye ndiye anaingia jikoni kwako kabla hujamwita, kwa hiyo akisema jambo watu wanasikiliza.

"Wapendwa, nasema kwa upendo. Welfare wameanza kupima mkojo. Wakikuta dawa za kulevya wanakukata, na watoto wanachukuliwa. Tena hata vidonge vya hospitali vingine vinaonekana humo humo. Mwenye masikio na asikie."

Mimi niliipuuza. Kumbe mwenzangu aliisikiliza, akairudia. Mfamasia alishawahi kumwambia vile vidonge vyake aviweke mbali na mtoto, maana kuna watu wanavitafuta ili walewe navyo. Akajumlisha mwenyewe.

Haukupita muda, caseworker, yule anayeshughulikia faili letu welfare, akapiga simu. Alisema twende ofisini tuzungumze, basi. Hakueleza zaidi.

Rehema akawa chakula anachezea tu. Mara akaniuliza, "Hivi wakimchukua Tumaini, wanampeleka kwa watu wa namna gani?"

Nikamwambia hakuna anayemchukua mtoto.

"Wewe hawa watu huwajui, Baba Tumaini."

Niliona hofu yake, ila sikujua kwamba ameshaacha kumeza dawa. Alikuwa anataka mkojo usafike. Na kwenda kumwambia caseworker kwamba "vidonge hivi ni vya kifafa" hakungewezekana. Ile aibu aliyokuja nayo toka Mahenge ilikuwa kubwa kuliko welfare yenyewe.

Siku ya miadi tukampeleka Tumaini shule, tukapanda basi. Limejaa, tumekaa katikati.

Rehema akanishika goti. "Unasikia harufu ya mpira unaoungua?"

Wakuu, nikanusa. Hakukuwa na harufu yoyote. Alishanisimulia zamani kwamba kabla ya kuanguka huwa anasikia harufu ile.

Akaanguka.

Nimeona misiba, nimeona ajali, ila sijawahi kuogopa vile. Macho yamegeuka, mwili unaruka, povu linatoka. Na watu wakaanza kupiga kelele: "Overdose! Overdose!" Binti mmoja akachomoa kwenye begi ile dawa ya kupuliza puani wanayopewa waliozidisha madawa, akapiga magoti ampulizie. Alitaka kusaidia, Mungu ambariki. Lakini nyuma yake kulikuwa na jamaa anarekodi na simu, anatingisha kichwa, kama amemkamata mwizi.

Mke wangu aliyekuwa anaogopa kuitwa mla unga, ameitwa mla unga mbele ya basi zima.

Nikapiga kelele, "Not drugs! Epilepsy! She has epilepsy!" Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka mbele ya watu. Tukamlaza ubavu. Nikadhani anatulia, akaanza tena upya kabla hata hajafumbua macho. Pale nilijua ninarudi nyumbani mgane. Sijui kuomba vizuri, siku ile niliomba kwa kupayuka.

Hospitali walifanikiwa kumtuliza. Daktari akasema wachukue damu na mkojo waangalie ana nini mwilini. Rehema alikuwa kama mtu yuko usingizini, ulimi umevimba kwa kuuma. Aliposikia "urine" akanishika shati.

"Usiwape. Usiwape mkojo wangu, watamchukua mtoto."

Hapo ndipo nikamuuliza, naye akaniambia kwamba vidonge ameshaacha. Daktari alipoelezwa alikaa chini kabisa. Akasema kwa mtu kama yeye, kuacha ghafla kunaua.

Muda wa shule kuisha ukafika, na mtu wa karibu wa kumchukua Tumaini alikuwa Mama Kelvin. Nikampigia kwa hasira, nikamwambia mambo yote, mpaka jina la ugonjwa. Akaja na mtoto na chupa ya chai.

Tumaini Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Alimtazama mama yake na zile waya, akaniuliza, "Baba, did Mama fail the test?"

Hata mtoto alikuwa ameisikia ile voice note.

Povu lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo wa Rehema. Mama Kelvin akalowesha ncha ya khanga yake, akamfuta taratibu, bila glavu.

Baadaye alikiri kwenye grupu kwamba ile habari aliletewa na ndugu yake aliyeko Marekani, nayo ilikuwa ya huko.

Welfare nilikwenda peke yangu. Caseworker ni mama wa Kigoa, Mhindi mzaliwa wa Nairobi. Nilipomaliza kumwelezea kwa Kiingereza changu cha kuvunjika, akanijibu kwa Kiswahili.

"Ati mkojo? Hapana, bwana. Sisi hapa hatupimi mtu. Nani aliwaambia?"

Alikuwa ametuita aulize kama Rehema anataka kozi ya kumsaidia kupata kazi. Akaniambia pia kwamba tungesema mapema kuhusu ugonjwa, tungepewa msaada mwingine wa watu wenye maradhi ya kudumu. Nilitoka nje nikakaa kwenye kituo cha basi nikalia.

Somo nililopata: ukimtishia mtu kumpima, wa kwanza kutetemeka si yule kijana wa kwenye ngazi. Yule bado anajidunga, hana habari. Anayetetemeka ni mwenye siri ya ugonjwa na mtoto wa kupoteza. Na ninyi mnaoficha kifafa kwenye familia zenu, semeni jamani, kabla hakijajisema chenyewe kwenye basi.

Wiki iliyopita ofisi ilipiga tena, wanahakiki anwani tu. Rehema alikuwa na kidonge kiganjani na glasi ya maji. Alipokata simu akanitazama.

"Nimeze?"

Nikamwambia meza, mama. Akameza. Lakini aliniuliza kwanza, na anajua kabisa kwamba kipimo hakipo.

Wa kuunga mkono na wa kupinga, uwanja ni wenu, hata wa kunitukana nitamsoma. Ila anayetaka watu wapimwe aniambie kwanza, siku kipimo kikianza kweli, mke wangu nimjibu nini.