Mlango wa Chuma, Sehemu V

Chama cha wamiliki wa teksi cha bonde letu kilitamka, kwa kinywa cha mwenyekiti wake, kwenye redio na kwa karatasi zilizobandikwa katika kila nguzo ya stendi, kwamba Jumamosi ile ya Novemba hakuna mwanachama, dereva wala mwajiriwa wake aliyefika Sehemu V ya Umlazi, kitongoji chetu cha Durban. Kwamba hakuna mlango uliovunjwa wala risasi iliyofyatuliwa. Na kwamba chama kinawapenda vijana na vipaji vyao. Mwenyekiti alisoma taratibu, akakohoa mahali pa kukohoa, na mtangazaji akamshukuru kwa ufafanuzi.

Zibuyile Mhlongo aliisikiliza taarifa hiyo amechuchumaa, akikwangua damu ya binamu yake kwenye zulia kwa kijiko.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza gqom katika chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mama yake. Gqom si muziki wa kubembelezea mtoto. Ni pigo, kisha pigo, kisha kimya kidogo cha kukutia hofu, kisha pigo tena mahali usipolitegemea. Wageni huuliza kwa nini muziki wa Durban una hasira namna hiyo. Zibuyile alijifunza kusikiliza akiwa mdogo, chini ya kitanda, miaka ile vyama viwili vya siasa vilipokuwa vikichinjana kwa ajili ya kura ambazo zilikuwa bado hazijapigwa. Mama yake alimlalia juu. Mtoto hakuona kitu, kwa hiyo alisikia kila kitu: risasi ya karibu hupasua, ya mbali hubweka, na inayotoboa bati huacha mlio unaoning'inia hewani. Watoto wengine walitoka kule na ndoto mbaya. Yeye alitoka na mdundo, akaugonga kwenye sufuria hadi akachapwa.

Alipokuwa mtu mzima alikuwa na kompyuta iliyookotwa katika ofisi iliyofungwa, spika mbili, maikrofoni moja, na programu ya muziki iliyomfikia kama inavyowafikia wote pale mtaani, kwa flashi ya mtu aliyeipata kwa mtu. Alikuwa pia na Khulekani, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye kwa hesabu ya kwetu ni ndugu kabisa. Khulekani aliimba. Alikuwa pia na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe uliitwa plagini.

Plagini ni viprogramu vinavyopachikwa ndani ya programu kubwa, na zile alizozipenda Khulekani ziliiga mashine za zamani: tepu iliyochoka, redio za kale zenye taa za vali zilizopata moto, meza ya kuchanganyia sauti ya studio fulani ya Ulaya ambayo yenyewe ilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Mafundi wa zamani walizeeka wakipigana na mikwaruzo na mivumo ya mashine hizo. Wajukuu zao sasa hulipa ili mikwaruzo irudi, na wasio na cha kulipa huiba.

"Dada, sauti yako kavu," Khulekani alikuwa akimwambia kila siku. "Ina baridi. Inataka joto."

"Shati limekuganda mgongoni, Khule. Joto gani tena unataka?"

"Joto la analogi."

"Fungua dirisha, litaingia."

"Cheka tu. Wenzetu wa Johanesibagi wote wanatumia."

"Ndiyo maana wanalala mapema."

Lakini mtu akiambiwa kila siku kwamba ananuka, siku moja atajinusa. Zibuyile alianza kusoma mabishano ya watu wa mtandaoni, wanaume wa nchi za mbali wenye vyumba vilivyozibwa kwa sponji, wakiapa kwamba bila tepu hii na taa ile muziki wa nyumbani utabaki wa nyumbani. Neno hilo lilimchoma. Alikuwa nyumbani kweli.

Ndipo akaja Baba Cele. Teksi zake, zile basi ndogo za abiria, hazikupungua kumi na tano, na watu walisema, kwa sauti ya chini, kwamba ana pia maksai wawili. Kwetu muuaji wa kukodi huitwa hivyo, inkabi, ng'ombe wa jembe, kwa sababu hulima shamba la mwenzake na halalamiki. Sasa, pale Durban wimbo haujulikani kwa redio. Hujulikana kwa teksi kwanza, na kila Desemba watu wa njia moja hushindana na watu wa njia nyingine kwa spika, kabla ya kushindana kwa vitu vingine.

"MaMhlongo," alisema Cele bila kushuka kwenye gari, "nataka wimbo wa Desemba. Nikipita, watu wa njia ya Isipingo wasikie meno yao yanacheza."

"Watasikia, Ndosi," alisema Zibuyile, akimwita kwa jina la ukoo kama heshima inavyotaka.

Wakautengeneza. Wakaweka tepu juu ya pigo, taa juu ya tepu, na meza ya Ulaya juu ya vyote. Mle chumbani wimbo ukasikika kama mali ya watu wenye mabwawa ya kuogelea. Khulekani akatokwa machozi. Jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka ni kwamba tepu hukata kichwa cha pigo. Ndiyo kazi yake na ndio utamu wake. Pigo lisilo na kichwa chumbani ni laini. Ndani ya teksi, kati ya injini na makelele, ni mto wa kulalia.

Cele aliufungulia stendi, Ijumaa asubuhi, mbele ya kila mtu. Madereva wa Isipingo walisikiliza wakitafuna maandazi yao, kwanza kwa wasiwasi, kisha kwa furaha.

"Ndosi! Siku hizi unabeba wagonjwa?"

"Shusheni sauti jamani, marehemu amelala!"

Hayo Cele angeyameza. Kilichommaliza ni bibi mmoja aliyekuwa kiti cha mbele, aliyemshika mkono kwa wema na kumwambia, "Leo mmepiga kitu kizuri, mwanangu. Hata nimesinzia."

Kesho yake alasiri Khulekani alikuwa mbele ya maikrofoni akirudia ubeti, na kompyuta ilikuwa inarekodi. Hakuna aliyebisha hodi. Mlango wa chuma ulipigwa teke, bati zote za paa zikaitika. La pili. La tatu likang'oa bawaba, na mlango ukaanguka ndani na watu wawili juu yake, mrefu aliyevaa koti la kanisani na mfupi aliyekuwa anatafuna kitu.

"Nani kati yenu amepika ule uji?" aliuliza mfupi.

Mrefu hakungoja jibu. Alimshika Zibuyile nywele, akamgongesha uso kwenye fremu ya mlango, mara moja, kama mtu anayepasua yai. Jino likatoka. Zibuyile alilisikia likidunda sakafuni kabla hajasikia maumivu.

"Mimi," alisema Khulekani. "Tepu ni yangu. Mwacheni."

Mfupi akamtazama goti, akachagua la kushoto, akafyatua.

Chumba kilikuwa kidogo na risasi ilikuwa kubwa. Khulekani alianguka juu ya waya zake akilia kama mnyama, na mrefu akazishughulikia spika, akizikanyaga kwa zamu hadi zikawa karatasi na sumaku. Mfupi aliruka dimbwi la damu kwa uangalifu, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vipya, akaiona maikrofoni imesimama peke yake bila dosari. Akaiinamia kama mwanasiasa.

"Halo, halo," alisema. "Ijumaa."

Kisha akamgeukia Zibuyile. "Umesikia? Ijumaa uwe na wimbo wa kweli. Usipokuwa nao, tunamfuata hospitalini. Goti la kulia bado liko."

Wakaondoka wakitembea. Kompyuta, ambayo ilikuwa chini ya kitanda na haikuambiwa iache, iliendelea kurekodi hadi mama alipofika kutoka dukani na kuanza kupiga mayowe.

Jumatatu taarifa ya chama ikasomwa. Jumanne Zibuyile, uso umevimba, alikaa na kisikilizio kilichobaki na sikio moja tu linalofanya kazi, akapitisha pigo lake katika kila plagini ya Khulekani, moja baada ya nyingine. Katika kila moja pigo lilivaa ukali wa juu juu tu, kama mtu anavyovaa kofia. Akilini alimwona binamu yake akiburutwa kutoka kitanda cha hospitali na kulazwa kwenye marumaru, akaona goti la pili. Akafungua moja nyingine. Hakuna.

Alipotafuta ule ubeti wa Jumamosi ili aufute, ukaanza kucheza. Teke la kwanza lilimtupa nyuma kwenye kiti. Akasikiliza hadi mwisho, akatoka nje, akatapika kwenye mboga za mama yake, akarudi, akasikiliza tena. Mlango, bati na maikrofoni iliyozidiwa vilikuwa vimegongana hadi sauti yenyewe ikapasuka juu, ikatoa meno. Akaanza kukata kama mchinjaji, nyama huku, mfupa huku.

Jumatano alimpelekea Khulekani asikilize wodini.

"Mimi umenitoa?" aliuliza Khulekani, rangi yake majivu.

"Kilio chako nimekikata chote. Nimebakiza mlango tu."

"Na hii inayopasua?"

"Goti lako."

Khulekani alicheka, akaumia, akatukana, akaomba arudishiwe mwanzo. Kisha akasema, "Kwenye tepu umepitisha?"

"Khule, nitakuvunja la pili mwenyewe."

"Si pigo. Yule mfupi. Sauti yake ipo?"

"'Halo, halo, Ijumaa'? Nimeitupa. Unataka tuuawe?"

"Irudishe. Iwe kiitikio." Alijiinua kwa kiwiko. "Dada, mimi mwimbaji, nawajua waimbaji. Hakuna mtu anayemuua aliyemrekodi vizuri. Yeye mpitishe kwenye tepu. Weka na taa. Kila mtu akipita kwenye tepu husikika kama ana moyo."

Zibuyile akachukua kisikilizio chake, akainuka aende kazini. Ilikuwa mara ya kwanza plagini kupewa kazi aliyoielewa.

Ijumaa gari jeupe la Cele lilisimama mbele ya nyumba, maksai wote wawili wamekaa nyuma. Zibuyile akampa flashi kupitia dirishani na kubaki amesimama. Pigo la kwanza liliangusha miwani ya Cele kutoka kwenye dashibodi. Risasi ilipolia, mrefu alipeleka mkono kiunoni. Kisha kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho sauti nzito, yenye joto, ya mtu mwenye huruma na uzoefu wa dunia, ikasema: halo, halo, Ijumaa.

Cele akatazama kwenye kioo. Mkono wa mrefu ulikuwa bado kiunoni.

"Ndosi," alisema mfupi polepole. "Si mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Rudisha."

Cele akarudisha. Mfupi alifumba macho. Midomo yake ilijongea pamoja na sauti.

"Inanikaa, eh?" alimwambia Zibuyile. "Ina kitu. Umeniwekea nini?"

"Joto, kaka."

Cele aliokota miwani yake. "MaMhlongo, umenunua mashine mpya?"

"Hapana, Ndosi. Nimepunguza."

Kioo cha dirisha kikapanda, gari likaondoka, na teke la mlango likasikika hadi kona.

Khulekani alirudi nyumbani kabla ya Krismasi, kwa magongo, goti la kulia zima. Mpelelezi alikuja mara moja, akatazama bawaba mpya, akaandika kwamba ushahidi hakuna. Wanaume wa mtandaoni, wale wa sponji, waliuliza ukali ule umetoka kwenye plagini gani, wakabishana wiki nzima, na wawili wakatukaniana mama. Desemba nzima watu wa Isipingo walifunga madirisha yao.

Yule mfupi sasa hujulikana stendi nzima. Wimbo ukifika penye kiitikio huwanunulia watu bia, huwanyamazisha kwa mkono, na huwaambia walioko karibu, hata mwenyekiti wa chama akiwepo, kwamba sauti hiyo ni yake, imerekodiwa Sehemu V, Jumamosi ya Novemba, mara moja tu, bila kurudia.