Rupia Tano Zilizopakwa Nta

Kwanza nilisikia mfuniko wa kopo. Mtu alikuwa nje ya mlango wangu, akaufungua kwa ukucha, akaufunga, kisha akaufungua tena. Nilisimamisha kalamu. Mwenye mali halali hupiga hodi, niliwaza. Hakagui mzigo wake kizingitini.

Nilikuwa mwalimu kijana mjini Tabora, nimepanga chumba kimoja, na kila Jumamosi niliandika riwaya ambayo wenzangu wa chama cha usomaji walikwisha kuisifu kabla haijafika sura ya tatu. Mshahara wangu uliishia kwenye noti za kigeni. Katika sanduku chini ya kitanda nilikuwa na faranga za Kongo zilizokuja kwa treni ya Kigoma na rupia za Bara Hindi, lakini nilizozipenda kupita zote ni rupia za Mjerumani za wakati wa vita, zilizochapwa haraka haraka juu ya karatasi yoyote iliyopatikana, nyingine nene kama ya kufungia sukari. Nikizishika niliwasikia wapagazi wakipita, maelfu ya nyayo kwenye vumbi jekundu. Nilikwisha kuuziwa moja iliyochemshwa kwenye chai ili ionekane kuukuu, na tangu hapo sikumwamini mtu yeyote.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu anayenunua pesa zilizokufa?"

Alikuwa mjane wa kijiji cha Itetemia, miguu yake ina vumbi la njia nzima, kopo la sigara amelikumbatia.

"Huwa natazama tu," nilisema.

"Na mimi nauza tu."

Akatoa noti ya rupia tano. Nilishika upande mmoja, yeye hakuachia wa pili, tukabaki tumeishika wote kama watu wanaokunja shuka. Niliitikisa karibu na sikio. Kimya. Ilinata vidoleni na kunuka mzinga wa nyuki.

"Bibi, hii haisemi kitu."

"Isemeje?"

"Noti ya kweli huchakarika."

"Hiyo ina nta. Mume wangu alikuwa mrina asali, alipaka nta kila asichotaka kiliwe na mchwa. Hata cheti chake cha ubatizo. Angenipaka na mimi, lau ningetulia."

Nilitaka kucheka, ila nilikuwa nimeiona namba. Sikuhitaji kuisoma mara mbili. Ilikuwa namba ya noti yangu bora, niliyoinunua kwa fundi chapa mmoja miezi mitatu nyuma, wiki aliyohama mji. Noti mbili hazipewi namba moja. Moja ilikuwa ya uongo, na nilijua ni ipi nilitaka iwe ya uongo.

"Nitakupa shilingi mbili," nilisema upesi.

"Kwa noti isiyosema?" Alinitazama. "Mwalimu, macho yako yamekwenda mara mbili kwenye lile sanduku."

Ndipo akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akanieleza. Fundi chapa yule yule aliazima noti kwake siku tatu, aisome, alisema. Alipoirudisha ilikuwa imepakwa nta mpya. Tangu siku hiyo mjane hakujua kilichomo koponi mwake. Mumewe alimbebea Mjerumani mizigo hadi Mahenge kwa karatasi ile. Aliporudi aliwakuta Wabelgiji mjini, na hakuna duka lililoipokea. Watu walimcheka hadi alipozikwa, naye hakuitupa.

"Nimesikia fundi alikuuzia kitu," alisema. "Nataka kujua kama nimebaki na noti au nimebaki na nta."

Ningeweza kusema sandukuni hamna kitu. Neno lilikwisha kufika ulimini. Lakini alikuwa ametembea kutoka Itetemia na jua lile, na mimi pia nilikuwa sijui. Nikaileta. Tukazilaza pamoja mezani, yangu safi, inachakarika vizuri, yake imelegea kama jani lililochemshwa.

"Yako nzuri zaidi," alisema polepole, na sauti yake ilishuka. Kisha: "Mume wangu alinyeshewa njiani siku nne kabla hajapata nta. Hizi sahihi za wino hazikuhama hata kidogo. Tia yako maji."

"Itaharibika."

"Kama ni ya kweli, itaharibika nini?"

Nilichovya kidole kwenye kikombe changu, nikakiweka juu ya sahihi. Tukasubiri. Wino ukaanza kutambaa, bluu laini, bluu ile ile niliyosahihishia madaftari ya wanafunzi wangu, mpaka jina la Mjerumani likawa doa.

Mjane alichukua noti yake kwa vidole viwili, akaipuliza kana kwamba ina joto.

"Nitakupa shilingi ishirini," nilisema. Kisha nikasema thelathini. Nilikuwa sina thelathini.

"Sikuja kuuza."

"Ulisema unauza, bibi."

"Na wewe ulisema unatazama tu."

Akairudisha koponi, akabana mfuniko. Safari hii hakuufungua tena. Alisimama, akanitakia kazi njema kwa upole ulioniuma kuliko tusi, akatoka na kuuvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga.