Mbwa Aliyembana Mama Visigino

Jamani, mbwa wetu alianza kumng'ata mama yangu mzazi visigino.

Mama peke yake! Mimi hanigusi, wateja wangu hawagusi. Anamwandama bibi wa miaka sabini na sita, mtulivu kama maji mtungini.

Mbwa mwenyewe niliachiwa na kaka yangu alipopata kazi mbali. Ni wa aina ya koli, mbwa wa kizungu, mweusi mwenye kifua cheupe, manyoya kibao. Nisipomchana siku mbili yanafungana.

Kaka aliniambia, "Dada, huyu lazima akimbie, tena masaa. Na umpe kazi. Akikaa bure atajitafutia mwenyewe."

Akimbie wapi? Mimi msusi, nina vyumba viwili, nasuka watu sebuleni kuanzia asubuhi. Nikasema kazi yake ni kula. Tukambandika jina la Meneja, maana alikuwa anamsimamia kila mtu ndani ya nyumba.

Basi kila alasiri, nikiwa nimezama kwenye kichwa cha mteja, nasikia mama analia kule nyuma.

"Mwanangu, mbwa wako ananing'ata!"

Nikienda, namkuta kasimama kwenye mlango wa chumba chake, Meneja kalala chini kamkodolea macho. Visigino vina alama nyekundu. Damu hamna.

Mteja mmoja akanitia hofu. "Shosti, huyo ana kichaa. Siku akimrukia bibi shingoni, utamwambia nini kaka yako?"

Mama ni mama. Nikamtoa Meneja, nikampa mfugaji wa kondoo, mume wa mteja wangu. Nililia, msinicheke.

Kesho yake saa tisa alasiri nikampelekea mama chai. Chumba kitupu. Mlango wa nyuma uko wazi.

Mama alikuwa ameanza kusahau, ndiyo. Mara aniite jina la dada yake marehemu. Lakini kutoka nje peke yake? Sikuwahi kuona.

Nilizunguka mtaa mzima na kitana mkononi. Nikauliza madukani, nikamuuliza fundi viatu. Hakuna aliyemwona.

Simu ikaita. Ni yule mfugaji, anacheka kwa furaha.

"Dada, umenipa mali! Asili yao hawa ni mpakani mwa Uskoti na Uingereza, wamezaliwa kuchunga kondoo. Huyu hajafundishwa na mtu, lakini kondoo akitaka kutoka zizini tu, anambana kisigino. Hamjeruhi. Anambana mpaka arudi ndani."

Nikakaa chini, palepale barabarani.

Kumbe mama alikuwa anatoka kila siku, na Meneja anamrudisha.

Mama tulimpata siku ya pili, mbali sana, kakaa nje ya gereji, miguu imevimba. Mafundi walimpa kiti na maji. Mungu awalipe.

Nilikwenda shambani kumwomba Meneja arudi. Nikamwona anavyokimbia kule malishoni, nikageuka nikarudi nyumbani bila yeye.

Ndugu zangu, kabla hujamchukua mbwa, uliza wazazi wake walifugwa kwa kazi gani, kisha uitazame nyumba yako. Mimi niliambiwa, nikaona maneno matupu.

Sasa mlango naufunga kwa ufunguo. Mama anaugonga kutwa.

"Wewe dada, nifungulie niende nyumbani. Mwanangu atanitafuta."

Namwambia mwanawe ndiye mimi, niko hapa. Haniamini.