Gauni la Kwendea kwa Mdogo Wake

Jirani yangu tulimwita Pua, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kupima ukungu kwenye majumba na maofisi ya watu. Akiingia mlangoni anasimama, ananusa, kisha anakwambia palipolowa: nyuma ya kabati la mafaili, chini ya zulia la meneja, juu ya dari ya chumba cha kulala. Ndipo anatoa visahani vyake vyenye utando kama jeli, anaviacha wazi kwa muda, anavifunika na kuvipeleka maabara. Kinachoota humo ndicho mnachovuta puani. Maofisini walimwogopa kuliko mkaguzi wa hesabu.

Lakini Pua huyu, nisimvike kilemba cha ukoka, alikuwa na wivu. Wivu wenyewe ulikuwa kwa mtu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo mtu alipata mume mpole, nyumba ya madirisha mapana na binti mwenye vishimo mashavuni. Pua alipata vyumba viwili vya kupanga, ukuta kwa ukuta na mimi, na ndoa iliyokufa kabla picha za harusi hazijasafishwa. Kila akitoka kwa mdogo wake alikuja kukaa barazani kwangu, amenuna. Unajua wameweka vigae mpaka jikoni? Unajua shemeji ndiye anayeosha vyombo? Hilo la vyombo lilimuuma kuliko vigae.

Kitu kimoja tu cha mdogo wake alikuwa anakipata, naye ni mtoto. Kila Jumamosi binti alikuja kulala kwa mama yake mkubwa, na akirudishwa Jumapili alilia. Pua alinisimulia kilio hicho kwa raha, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha mtoto akaanza kukohoa. Alikohoa zaidi mwanzo wa juma, kifua kikimlia filimbi, na daktari akauliza kama nyumbani kuna unyevu. Mdogo mtu akampigia dada yake simu aje apime nyumba nzima. Pua alinijia mbio na habari hizo. Alisema maskini mtoto, alisema Mungu amsaidie, lakini macho yalikuwa yanacheka. Nyumba ile ya vigae huenda ilikuwa inaoza.

Sasa, kazi yao ina sharti moja. Mpimaji haingii nyumba ya mtu na nguo alizotoka nazo kwake. Anavaa ovaroli inayofuliwa kazini na kutunzwa kwenye mfuko uliofungwa, asije akapeleka ukungu wa kwingine. Pua alilijua sharti hilo, tena alikuwa akiwafokea wenzake kwa ajili yake. Ila ovaroli ilikuwa ya kijivu na pana, na yeye hakuwa tayari kusimama sebuleni kwa mdogo wake akifanana na gunia. Akafungua kabati lake, akatoa gauni la zambarau lililokaa humo tangu sherehe sijui ya nani, akalikung'uta, akalivaa. Nilimwambia amependeza, na kweli alikuwa amependeza.

Aliweka visahani sebuleni, jikoni, chumbani kwa mtoto, na kimoja barazani cha kulinganishia, akipitapita na gauni lake. Baadaye kule maabara, kila kisahani kikaota madoa ya kijani mpaka ukingoni. Pua hakungoja fundi wa maabara avichambue. Alimpigia mdogo wake palepale, akamwambia nyumba imeharibika, ukuta wa chumba cha mtoto ubomolewe. Mdogo mtu alilia. Akasema mumewe ataleta mafundi, na akamwomba dada yake akae na mtoto mpaka wamalize. Pua alikubali kabla ombi halijaisha, akashinda anadeki huku anaimba.

Siku ya mtoto kuja, nilikuwa nimekaa kwa Pua fundi wa maabara alipopiga simu. Pua huzungumza kwa spika, kwa hiyo nilisikia yote. Visahani vyote vimeota ukungu wa aina moja, alisema, hata kile cha barazani, kwenye upepo na jua. Huo si wa nyumba ile, umeingia na mtu.

"Ulivaa nini?" akamwuliza.

Pua alikata simu. Aliinuka, akaenda chumbani, akasukuma kabati. Nyuma yake, ukuta unaopakana na bafu ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Uvundo ule mimi nilikuwa nausikia kila akifungua mlango, lakini nani atamwambia mtu anayelipwa kwa kunusa kwamba kwake kunanuka? Yeye alikuwa ameshauzoea. Kando ya kabati ndipo kilipokuwa kitanda alicholalia mtoto kila Jumamosi.

Akakaa sakafuni. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba bado hakuna ajuaye. Atapaka rangi, atahamisha kitanda, na wao wabomoe ukuta wao, uwezo wanao.

"Wana kila kitu," alisema. "Mimi nikae naye kidogo tu, ni dhambi?"

Gari la shemeji likasimama nje, mwenyewe kwenye usukani. Mtoto akashuka na begi mgongoni, akaja mbio akiita mama mkubwa, na kabla hajafika kikohozi kikamkamata, akainama kashika magoti. Pua akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akausimamia.

"Usiingie," alimwambia mtoto. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa ameshuka nyuma ya mtoto. "Mwambie mumeo asibomoe kitu. Ukungu uko kwangu. Mtoto anaumwa kwa sababu yangu."

Mdogo mtu hakugomba. Laiti angegomba. Alimkumbatia dada yake, akamwambia chumba cha wageni kipo, akae kwao mpaka ukuta wake utengenezwe, nguo zake zote zitafuliwa huko. Pua alinitazama juu ya bega la mdogo wake, na uso ule niliujua. Alikuwa anamwonea wivu hata kwa huo wema.

Akaingia kwenye gari mikono mitupu. Mtoto akataka kumpanda mapajani kama kawaida yake, na Pua akaitazama nguo aliyovaa, akamsukumia kwa mama yake.

"Nenda kwa mama," alisema, akashusha kioo na kuelekeza uso nje.