Katani Kwenye Koo la Injini

Mimi sina makalio ya kukaa. Mama alinisema hivyo tangu utotoni, na mwaka ule nilipotaka kuoa ndipo nilipomthibitishia. Kabla sijanywa chai nilikuwa nimeshafungua boneti. Nikila, nakula nimesimama, mkono mmoja una kipande cha muhogo na mwingine una spana. Mama akipita na ndoo ananiambia, “Na huyo mke utamwoa umesimama?”

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, lina kabureta mbili na mlio wa kutimua kuku wa mtaa mzima. Mgiriki mmoja aliyekuwa mhandisi kwenye shamba la mkonge alilitumia kwa mashindano. Mashamba yalipotaifishwa akafunga mizigo, akaniachia mimi niliyekuwa fundi wake. Nikalisukuma mpaka uani kwetu Kwamndolwa, Korogwe, nikaliegesha kati ya banda la kuku na jiko la mama, na hapo ndipo palipokuwa gereji yangu.

Binti niliyempenda alikuwa Mzigua, kwao nje kidogo ya mji wa Handeni, kwenye kijiji cha ujamaa ambacho kuta zake zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Kwao ni watu wa shamba na msikiti, wenyeji tangu mababu. Sisi tulikuwa watu wa kambini. Baba aliletwa na manamba, wale vibarua wa mkataba, kutoka magharibi huko mbali, akamalizia ujana wake kwenye mkonge, na mkoa mzima wa Tanga hatukuwa na kaburi hata moja la babu. Mjomba wa binti, ambaye kwa desturi ya kwao neno lake ndilo la mwisho, alisema waziwazi kwamba mtu asiye na kwao hajui atampeleka wapi mtoto wa watu. Lakini alikubali kusikiliza posa, mradi baba aende mwenyewe kuzungumza.

Basi la Handeni lilikuwapo. Baba alitaka tupande basi. Mimi nikakataa katakata. Nilitaka wale wazee wasikie mtoto wa manamba anavyoingia kijijini, wasikie kabla hawajaona. Ujinga mtupu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Mara ya kwanza gari lilianza kukohoa tukiwa nusu ya safari, likatoa moshi mweusi, likazima. Tukarudi tumefungwa kamba nyuma ya lori la mahindi. Mara ya pili hivyohivyo, karibu palepale. Mjomba akatuma mtu na ujumbe: njooni Jumamosi baada ya adhuhuri, ila watu wakishaswali alasiri hamjafika, msijisumbue tena.

Zilibaki siku sita. Sikupata usingizi wa maana hata siku moja. Nilifungua plagi zote nne, nyeusi tii kwa masizi, maana yake injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Nikafungua kabureta, nikashusha maboya, nikabadilisha jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu jembamba, nikapuliza kila tundu kwa pampu ya baiskeli. Nikasafisha platini. Nikamlaumu aliyeniuzia petroli kwamba kaitia mafuta ya taa, tukanuniana. Kila nikimaliza natoka nalo kwa kasi kwenye barabara ya lami ya Moshi, naenda mpaka Mkumbara na kurudi, na gari linanguruma vizuri, halina hata kikohozi. Nikifika nyumbani, roho inaniambia bado, nafungua tena.

Kitu kimoja sikukifungua, kwa sababu nilijivunia. Tangu kabla ya safari ya kwanza, chujio la hewa la gari lile lilikuwa limekwisha, na spea haikupatikana Korogwe wala Tanga mjini. Nayo barabara ya Handeni ina vumbi jekundu, laini. Likiingia kwenye silinda linasaga ringi na pistoni mpaka injini inakunywa oili. Nikajiambia, sisi tumezaliwa kwenye katani, tulie nini? Nikachukua fungu la katani kavu moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za kuanikia, nikalichovya oili, nikalishindilia kati ya vipande viwili vya wavu wa chuma, nikaliweka mdomoni mwa kabureta. Mafundi wenzangu walikuja kuliangalia. Nilivimba kichwa.

Baba alikuwa mtu wa brashi. Miaka ishirini alisimama kwenye chumba ambamo mashine inaisugua katani mpaka idondoshe vumbi na nywele fupifupi zote. Siku ile nilipokuwa natengeneza chujio aliishika katani yangu, akaivuta kidogo kwa vidole.

“Hii haijapigwa brashi, mwanangu. Itamwaga. Nipe siku mbili niichane kwa mkono.”

“Baba, hii ni injini, siyo kambini,” nikamjibu.

Akairudisha mezani, akaenda zake akikohoa. Alikuwa akikohoa siku zote. Mimi nilikua nikikisikia kile kikohozi, na kama saa ya ukutani, hakikunishtua tena.

Jumamosi tuliondoka kabla ya saa sita. Baba kavaa kanzu nyeupe aliyopiga pasi mama. Tulipoiacha lami, barabara ikaanza kututikisa meno, na mimi nikawa nasikiliza injini kuliko namsikiliza baba. Tulipita mahali palipotushinda mara mbili, nikapumua. Tukaenda maili chache zaidi. Kisha likakohoa.

Nikaruka chini kabla halijasimama sawasawa. Nikafungua boneti, nikachomoa jeti za hewa kwenye koo la kabureta, nikaishika pampu. Jua lilikuwa limeshapinda. Nasema kweli, nilitaka kulia.

“Usipulize,” baba akasema.

“Baba, hatuna muda.”

“Tangu umeanza kulifungua hili gari, umewahi kutazama kabla ya kupuliza?”

Sikuwahi. Akaichukua ile jeti, akainyanyua kwenye jua, akafumba jicho moja. Kisha akaingiza ukucha na kuvuta unywele mmoja mweupe, mfupi, hauzidi punje ya mchele.

“Katani,” akasema. “Hizi ndizo tulizokuwa tukizitoa.”

Pale pale nikaelewa yote. Kwenye lami hakuna mtikisiko, katani inatulia. Kwenye barabara hii ya mawimbi inapukutika, inanyonywa, inaziba vitundu vya hewa. Nami kila nikifika nyumbani nilikuwa napuliza, naufukuza ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikasafisha jeti, nikazirudisha. Likabaki chujio. Nikilirudisha, litamwaga tena kabla hatujafika. Nikiliacha, injini itavuta lile vumbi mpaka Handeni, na itakuwa ndiyo kwaheri yake. Nilisimama pale nimelishika, mimi nisiyejua kutulia.

Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso yake nyeupe, mpya, aliyopewa na mama kwa ajili ya ugeni. “Funga hii mdomoni mwa gari lako,” akasema. “Itazuia kidogo.” Halafu kikohozi kikamshika, kile cha ndani, akainama akashika magoti.

Nikamngoja amalize. Ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza miaka yote ile.

“Kule kwenye brashi, ninyi mlikuwa mnafunga nini puani?”

Akanitazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. “Nani angetupa?” akasema, bila kinyongo, akajifuta macho.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Injini ya chuma niliihangaikia isivute vumbi, nikaita na watu waje kunisifu. Aliyevuta vumbi akanilisha, nilimwambia habari za kambini azipeleke kambini. Nikaikunja leso, nikamfunga yeye, puani na mdomoni, fundo nikalikaza kisogoni.

“Gari litakufa,” akasema ndani ya kitambaa.

“Life.”

Tulifika mwadhini akiwa ndani ya adhana ya alasiri, watu wanatawadha. Mjomba alisimama na birika mkononi, akamtazama mzee mwenye paji jekundu la vumbi na mdomo mweupe. Akamuuliza yale ni mavazi gani. Sikusikia baba alivyomjibu, maana mwoaji haingii kwenye maneno hayo; nilibaki nyuma ya usukani, dereva tu. Waliswali kwanza. Halafu nikasikia sauti ya baba ikipenya ukutani kwa muda mrefu, na kikohozi chake katikati. Alipotoka, aliniambia jambo moja.

“Mjomba kasema tulete mahari. Kasema kijana anayemfunga baba yake leso akaacha gari life, ana kwao: kwa baba yake.”

Injini ile ilianza kunywa oili jioni hiyohiyo, na haikumaliza mwaka. Niliiuza vipande, sikuisikitikia. Baba naye alifuata baada ya miaka michache, kwa kifua. Miaka ishirini alivuta vumbi lile, nami leso nilimfunga siku moja tu, kwa safari fupi.