Unga wa Akina Mama wa Kawangware

Nelima, mama yake Mitchelle, alikuwa na neno moja alilolishikilia tangu afiwe na mumewe: usimuuzie jirani kitu usichoweza kumlisha mwanao. Kwa neno hilo aliwakusanya wanawake waliopanga naye ploti moja mtaani Kawangware, upande wa kwenda Riruta. Wengi wao walikuwa na vishamba nyumbani, magharibi mwa nchi. Kila msimu madalali waliyabeba mahindi yao kwa bei ya kutupa, kisha wanawake wenyewe wakanunua unga dukani kwa bei ya kuumiza.

"Tunalima halafu tunalala njaa," aliwaambia. "Tulete mahindi yetu, tusage wenyewe, tule kwanza. Kitakachobaki ndicho tuuze."

Wakachanga, wakanunua kisiagi kikuukuu, mashine ya kusagia nafaka. Nelima akasisitiza pasiwe na mkubwa: jambo likizuka, kila mtu ana sauti moja. Kazi ikashika. Aliyefukuzwa kibaruani alipimiwa unga akala, na mgonjwa alipelekewa mlangoni.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua iligoma kukatika wakati wa mavuno. Lori lilipofika, magunia yalikuwa yamelowa. Nelima akafungua moja, akachota punje. Zilikuwa zimeota kuvu ya kijani.

"Haya hayasagwi," akasema. "Haya yachomwe."

Akeyo, aliyeendesha kisiagi na aliyekuwa rafiki yake wa kufa kuzikana, akamtazama kwa uchovu. "Mama Mitchelle, tukichoma, watoto watakula nini? Moshi?"

Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja, Muli, alipojitokeza. Alisema atayanunua yote, awalishe nguruwe.

"Nguruwe wako unawafugia wapi?" Nelima akamuuliza.

"Mama, wewe unauza mahindi ama unafanya sensa ya nguruwe?"

Wanawake wakacheka. Wakapiga kura ya kumuuzia, na mikono ikainuka kila upande isipokuwa mkono wa Nelima na wa bibi kizee Kavetsa. Jioni hiyo Nelima alibaki peke yake na magunia, mafuta ya taa yakiwa karibu. Hakuwasha. Alijiambia kwamba akiipuuza sauti ya wenzake atakuwa hana tofauti na dalali.

Kesho yake Muli akayachukua magunia. Haukupita muda, unga wa bei rahisi, usio na jina kwenye mfuko, ukaanza kuuzwa Kibera. Nelima aliposikia habari zake alishuku ni mahindi yao, akampigia Muli simu. Simu ilikuwa imezimwa. Akaenda Kibera kwa miguu, akazunguka vibanda akiwasihi wauzaji wautupe.

"Si wewe ndiye wa ule unga wa Kawangware?" mmoja akamfokea. "Wivu tu! Toka hapa."

Aketch, dada yake Akeyo, aliishi huko Kibera. Alikuwa amekwisha kuununua. Watoto wake wawili walianza kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya manjano. Walifia hospitalini, mkubwa akitangulia. Daktari alisema ini limeharibika na kwamba anashuku sumu ya kuvu katika chakula, lakini unga ulikuwa umeliwa wote na mfuko umetupwa. Hakukuwa na wa kushtakiwa.

Baada ya mazishi Akeyo alimjia Nelima, macho yamevimba.

"Ulijua," akasema. "Kwa nini hukuyachoma?"

"Mlipiga kura, Akeyo."

"Tulipiga kura tukiwa na njaa! Wewe ulikuwa unajua. Ungechoma, tukutukane, watoto wawe hai."



Chama kilivunjika bila mkutano. Kisiagi kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Siku hizi Nelima hufua nguo za watu mtaa wa Olympic, na wenye kumwomba aanzishe kikundi kingine huwaambia kichwa kinamuuma.

Jumapili moja alichelewa kanisani, akakuta mabenchi yamejaa. Akeyo alimwona amesimama karibu na mlango. Akasogea kidogo kwenye benchi, akaiondoa Biblia yake iliyokuwa kando yake, akaiweka mapajani. Nelima akaketi.